UCHAMBUZI: Taa za LED kwenye magari ya zamani, ruhusa ya sheria na wajibu wa mwenye gari

Mwenye gari la zamani nchini Uingereza anaruhusiwa kufanya jambo ambalo mwenye gari la miaka ya karibuni hawezi kulifanya bila gari lake kufeli ukaguzi: kutoa balbu ya halojeni katika taa kubwa za mbele na kuweka balbu ya LED mahali pake. Kinachowatenganisha wawili hao ni tarehe moja tu, 1 Aprili, 1986. Gari lililoanza kutumika kabla ya siku hiyo halifelishwi kwa sababu ya badiliko hilo. Lililoanza kutumika siku hiyo au baadaye hufelishwa.

Suala hili si la Waingereza peke yao. Magari mengi ya zamani yanayotunzwa Afrika Mashariki, yakiwemo Land Rover za kale, yalitengenezwa huko au kwa viwango vya huko. Mashindano ya Safari yaliyoanza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika yaliacha mapenzi ya magari hayo ambayo hayajazimika; tangu mwaka 2003 magari ya zamani yamekuwa na mashindano yake katika ukanda huu, East African Safari Classic Rally. Wakati huo huo, balbu za LED zinapatikana kwa urahisi katika maduka ya vipuri, kuanzia Kariakoo jijini Dar es Salaam hadi Kirinyaga Road jijini Nairobi. Mwenye gari anayezinunua anahitaji kufahamu mambo mawili: sheria inamruhusu nini, na taa hiyo itamfanyia nini mtu anayekuja mbele yake usiku.

Tarehe 1 Aprili, 1986 ilitoka wapi

Kanuni za Taa za Magari za Uingereza za mwaka 1989 zinataka balbu za magari yaliyoanza kutumika kuanzia tarehe hiyo ziwe na alama ya kuidhinishwa. Balbu ya kawaida ya kubadilisha, yenye LED badala ya uzi wa metali unaowaka, haina idhini hiyo kwa matumizi ya taa kubwa za mbele zilizobuniwa kwa halojeni. Magari ya kabla ya hapo hayakuwekewa sharti hilo, kwa kuwa yalitengenezwa wakati ambapo viwango vya balbu vilikuwa tofauti.

Mwaka 2021 Wakala wa Viwango vya Madereva na Magari wa nchi hiyo, DVSA, uliweka bayana katika mwongozo wa ukaguzi wa kila mwaka, maarufu kwa jina la MOT, kwamba taa kubwa ya halojeni iliyogeuzwa kutumia LED ifelishwe. Mwongozo unaotumika sasa unalielekeza katazo hilo kwa magari yaliyoanza kutumika tarehe 1 Aprili, 1986 au baadaye. Wenye magari ya kale wakapumua.

Hata hivyo, ipo kanuni ya pili inayobadilisha uzito wa ruhusa hiyo. Tangu tarehe 20 Mei, 2018, gari la binafsi lililotimiza miaka 40, na ambalo halijafanyiwa mabadiliko makubwa kama ya chasi, ekseli au injini, halilazimiki kupelekwa kwenye ukaguzi wa MOT. Kubadilisha balbu si miongoni mwa mabadiliko hayo makubwa. Ukijumlisha miaka 40 na Aprili 1986 unapata Aprili 2026. Kwa hiyo, kundi la magari linaloruhusiwa kuwekewa LED katika taa kubwa ndilo hilo hilo ambalo, kwa sehemu kubwa, halilazimiki tena kukaguliwa kila mwaka.

Hapa ndipo penye uzito wa suala hili. Mkaguzi hayupo tena kati ya fundi na barabara. Sheria haijasema kwamba kila taa ya LED katika gari la zamani ni salama. Imemwachia mwenye gari kazi ya kuhakikisha usalama huo. Kanuni zile zile za mwaka 1989 bado zinamkataza dereva yeyote, wa gari la umri wowote, kutumia taa kwa namna inayowachoma macho wengine isivyostahili, na gari lisilopelekwa kwenye ukaguzi bado linatakiwa kuwa zima na salama kila linapoingia barabarani.

Taa za kuonea na taa za kuonekana

Ili kuelewa wajibu huo, ni vyema kuzigawa taa za nje katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni taa za kuonea, yaani taa kubwa za mbele zinazomulika barabara. Kundi la pili ni taa za kuonekana: taa ndogo za mbele, taa za nyuma, taa za breki na indiketa. Faida za LED katika kundi la pili ni kubwa na hatari zake zinadhibitika. Katika kundi la kwanza, mambo hugeuka.

Mfano bora ni taa ya breki. Balbu ya uzi huhitaji takriban sehemu mbili za kumi za sekunde kupata joto na kufikia mwanga wake kamili, ilhali LED huwaka papo hapo. Muda huo unaonekana mdogo, lakini gari linalokwenda kilometa 80 kwa saa husafiri zaidi ya mita 4 ndani yake. Kwa kilometa 100 kwa saa, umbali huo ni zaidi ya mita 5. Hizo ni mita anazoongezewa dereva wa nyuma kabla ya kugonga. Gari la zamani lenye taa mbili ndogo za nyuma, lisilo na taa ya tatu ya breki iliyoinuliwa, linanufaika na mita hizo kuliko gari lingine lolote.

Aidha, LED hupunguza mzigo wa umeme. Magari mengi ya Uingereza ya miaka ya 1950 na 1960 yalitegemea dainamo, si alteneta. Dainamo ya Lucas aina ya C40, iliyofungwa katika magari mengi ya kipindi hicho, ilitoa takriban ampea 22. Gari lenye taa kubwa mbili za wati 60, taa ndogo nne za wati 5 na taa ya namba ya wati 5 hutumia wati 145, sawa na ampea 12 hivi kwa mfumo wa volti 12. Dereva akikanyaga breki zinaongezeka wati 42, na akiwasha indiketa zinaongezeka 42 nyingine. Jumla hukaribia ampea 19, kabla ya kuhesabu wasi za kioo na mfumo wa kuwasha injini. Katika foleni, injini ikiwa inanguruma taratibu, dainamo haifikii hata nusu ya uwezo wake, na betri ndiyo inayobeba pengo. Balbu za LED za wati 2 hadi 4 katika nafasi za breki, indiketa na taa ndogo hupunguza mzigo huo kwa kiasi ambacho mwenye gari atakiona kwenye mshale wa ampea.

Mambo yanayokwamisha kazi

Pamoja na faida hizo, mfumo wa umeme wa gari la kale haukubuniwa kwa ajili ya LED, na kasoro kadhaa hujitokeza mara kwa mara.

Ya kwanza ni chanya na hasi. Magari mengi ya Uingereza yaliyotengenezwa kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1960 yaliunganishwa bodi yake na ncha chanya ya betri, kinyume na ilivyo leo. Balbu ya uzi haijali umeme unapita upande gani, lakini LED hujali. Iliyotengenezwa kwa mfumo wa sasa haitawaka katika gari la namna hiyo, na ile isiyo na kinga inaweza kuharibika. Vilevile yapo magari ya volti 6, kama zilivyokuwa Volkswagen Beetle nyingi hadi katikati ya miaka ya 1960; haya yanahitaji balbu za volti zake.

Ya pili ni indiketa. Flasha ya kale, yaani kifaa kinachowasha na kuzima indiketa, hufanya kazi kwa joto linalotokana na umeme unaopita kuelekea balbu za wati 21. LED ikiwekwa, umeme hupungua mno, na indiketa hubaki imewaka bila kupepesa, au hupepesa kwa kasi isiyo ya kawaida. Kiwango kinachokubalika ni kupepesa mara 60 hadi 120 kwa dakika. Ufumbuzi bora ni kuweka flasha ya kielektroniki isiyotegemea mzigo. Wapo mafundi wanaofunga vipinga-umeme ili kuiga mzigo wa balbu ya zamani. Njia hiyo hurejesha kupepesa, lakini vipinga hivyo hupata joto kali vinavyoweza kuyeyusha waya au plastiki iliyo karibu, na faida ya kuokoa umeme hupotea.

Ya tatu ni taa ya dashibodi. Katika magari mengi ya kale, taa moja ndogo ya ishara huunganishwa kati ya indiketa za kushoto na za kulia. Kwa kuwa LED huwaka kwa umeme kidogo, umeme unaopenya katika taa hiyo hutosha kuwasha indiketa za upande wa pili, na dereva anayekata kulia anaonekana kama amewasha hazadi. Diodi mbili zilizofungwa ipasavyo huondoa tatizo hilo.

Ya nne ni rangi. Balbu nyingi za LED nyeupe huundwa kwa chembe ya mwanga wa buluu iliyofunikwa unga unaong'aa, na mwanga wake una rangi nyekundu kidogo. Nyuma ya kioo chekundu, hutoa mwanga hafifu au wa waridi. Kanuni ya mafundi wazoefu ni rahisi: balbu nyekundu nyuma ya kioo chekundu, ya njano ya machungwa nyuma ya kioo cha rangi hiyo, na nyeupe nyuma ya kioo kisicho na rangi. Tahadhari moja ihusu magari ambayo taa ya nyuma ndiyo inayomulika namba ya gari kupitia dirisha dogo jeupe. Humo balbu nyekundu itaifanya namba isomeke kwa rangi nyekundu, jambo lisiloruhusiwa.

Ya tano, na pengine ya hatari zaidi, ni tofauti kati ya taa ya nyuma na taa ya breki zilizomo katika balbu moja. Balbu ya asili ina nyuzi mbili, wa wati 5 na wa wati 21, na tofauti hiyo ndiyo inayomwambia dereva wa nyuma kwamba gari linasimama. Baadhi ya balbu za LED za bei nafuu huangaza karibu sawa katika hali zote mbili. Gari lenye balbu hizo linapendeza likiwa limeegeshwa, lakini usiku barabarani haliwezi kusema kwamba limekanyaga breki.

Taa kubwa za mbele: jiometri kwanza

Katika taa kubwa, ubora hauamuliwi na wingi wa mwanga. Kiakisi na kioo cha taa ya halojeni hubuniwa kwa kuzingatia uzi mmoja mwembamba uliopo mahali mahususi, kwa kipimo cha milimita. Katika balbu ya aina ya H4, uzi wa mwanga wa chini una kikinga kidogo cha metali chini yake kinachozuia mwanga usipande juu. Kikinga hicho ndicho kinachochora mstari unaotenganisha barabara iliyomulikwa na giza la juu, giza ambalo ndani yake kuna macho ya dereva anayekuja.

Balbu ya LED ya kubadilisha hubeba chembe bapa pande mbili za ubao, na mara nyingi chembe hizo haziko mahali ulipokuwa uzi. Matokeo yake ni mwanga unaotawanyika: karibu na gari barabara huwa nyeupe na dereva huridhika, ilhali mbali, anakopaswa kumwona mwenda kwa miguu, mwanga huwa umepungua, na sehemu yake imepanda kwenye macho ya wengine. Kuridhika huko ndiko kunakodanganya. Dereva hupima taa kwa anachokiona kutoka kwenye usukani, huku madhara yakimfika mtu ambaye hatakutana naye tena.

Ipo pia njia isiyohitaji LED kabisa. Mwanga wa balbu ya uzi hushuka haraka kuliko volti: volti ikipungua kwa asilimia 10, mwanga hupungua kwa takriban asilimia 30. Gari la miaka 50 lenye waya chakavu, swichi iliyochoka na viungo vya bodi vilivyoshika kutu hupoteza kiasi hicho cha volti kwa urahisi. Kusafisha viungo, kubadilisha waya na kufunga relei ili umeme wa taa kubwa utoke moja kwa moja kwenye betri hurejesha mwanga ambao mwenye gari alidhani haukuwahi kuwepo, na hakumchomi macho mtu yeyote iwapo taa zimeelekezwa vizuri. Anayetaka LED kwa dhati ana chaguo salama zaidi: kubadilisha taa nzima, pamoja na kiakisi na kioo chake, kwa taa iliyobuniwa tangu mwanzo kwa LED na iliyoidhinishwa. Taa za duara za inchi 7, zilizotumika katika Land Rover na magari mengine mengi, zina mbadala wa namna hiyo.

Nchi nyingine zimechukua njia gani

Ujerumani imechagua kupima kila balbu kwa kila gari. Mwaka 2020 mamlaka ya shirikisho ya usafiri wa magari, KBA, ilitoa idhini ya kwanza kwa balbu ya LED ya kubadilisha, iliyotengenezwa na Osram. Idhini hiyo haikuwa ya jumla: ilihusu magari yaliyoorodheshwa tu, baada ya balbu kupimwa ndani ya taa za magari hayo.

Marekani imeshika msimamo mkali zaidi. Chini ya kiwango cha shirikisho cha taa za magari, FMVSS 108, mamlaka ya usalama barabarani, NHTSA, imeeleza kwamba hakuna balbu ya LED iliyoruhusiwa kutumika katika taa kubwa ya balbu ya kubadilishwa. Taa nzima za LED zinazokidhi kiwango ni suala jingine, na zinaruhusiwa.

Njia hizi tatu zinatofautiana, lakini hoja iliyo chini yake ni moja. Hakuna nchi kati ya hizo inayoipinga LED kama teknolojia. Kinachopimwa ni uhusiano wa balbu na taa inayowekwa ndani yake.

Funzo kwa Afrika Mashariki

Nchini Tanzania, msingi wa usimamizi ni Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inayosimamiwa na Jeshi la Polisi kupitia Kikosi cha Usalama Barabarani. Nchini Kenya, ni Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, pamoja na kazi za mamlaka ya NTSA. Tarehe ya 1 Aprili, 1986 ni ya Uingereza na haina nguvu katika nchi hizi. Mwenye gari la zamani asiitumie kama kinga mbele ya askari wa barabarani, na asidhani kwamba kinachoonekana katika picha za magari ya ng'ambo kinaruhusiwa hapa.

Hali ya barabara nayo inatofautiana. Katika barabara kuu nyingi za ukanda huu, magari yanayopishana hayatenganishwi na ukingo wowote, taa za barabarani ni chache nje ya miji, na pembeni wapo waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na bodaboda. Dereva aliyechomwa macho kwa sekunde mbili akiwa katika mwendo wa kilometa 80 kwa saa hupita zaidi ya mita 44 bila kuona vizuri. Anayeweza kuwa ndani ya mita hizo ni mtu ambaye hana taa kabisa.

Kuna jambo jingine ambalo wanunuzi hulisahau. Tanzania, Kenya na Uganda hutumia upande wa kushoto wa barabara, ilhali Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo hutumia upande wa kulia. Taa nzima iliyotengenezwa kwa nchi za upande wa kulia huinua sehemu ya mwanga wake kuelekea kulia, yaani kwenye macho ya dereva anayekuja mbele katika barabara za Tanzania. Taa iliyoidhinishwa kwa kanuni za Umoja wa Mataifa huwa na herufi E ndani ya duara pamoja na namba ya nchi iliyotoa idhini, kwa mfano 1 kwa Ujerumani na 11 kwa Uingereza. Iliyotengenezwa kwa upande wa kushoto pekee huwa pia na mshale unaoelekea kulia kwa mtu anayeitazama taa kwa mbele. Yenye mshale wa pande mbili hufaa kote. Kusoma alama hizo dukani, kabla ya kulipa, hakugharimu chochote.

Hatua za kuzingatia

Mwenye gari la zamani anayekusudia kubadilisha taa anaweza kufuata utaratibu ufuatao:

- Kwanza, afahamu volti ya gari lake na ncha ya betri iliyounganishwa na bodi.
- Pili, arekebishe waya, viungo vya bodi na swichi, kisha apime volti kwenye taa yenyewe.
- Tatu, aanze na taa za breki, taa za nyuma na indiketa, kwa balbu zenye rangi inayolingana na kioo, na flasha ya kielektroniki.
- Nne, asimame hatua kumi na zaidi nyuma ya gari, mchana na usiku, mtu mwingine akikanyaga breki, ahakikishe tofauti inaonekana bila kukisia.
- Tano, katika taa kubwa, achague ama balbu ya asili yenye waya bora, ama taa nzima iliyoidhinishwa kwa upande wa kushoto, kisha ielekezwe kwa kifaa cha kupimia.
- Sita, ahifadhi vipuri vya asili, ili gari liweze kurejeshwa katika hali yake pale itakapohitajika.

Ukaguzi wa magari unaofanyika wakati wa Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani ni fursa nzuri ya kuuliza na kupimiwa, badala ya kusubiri kukamatwa. Uzoefu wa Uingereza unaonyesha kwamba sheria inaweza kumwondolea mwenye gari la zamani mkaguzi na katazo kwa pamoja. Haiwezi kumwondolea dereva wa upande wa pili, ambaye ndiye atakayekuwa wa kwanza kujua kama taa ile ilifungwa vizuri.